Shahada ya Mimea, Ardhi ya Matumbawe

Pita kwenye bustani za hoteli za Diani mwezi wowote, utauona ugonjwa uleule kwenye maua ya iksora. Majani machanga ya kileleni yamegeuka njano, lakini mishipa yake imebaki kijani. Mtunza bustani humwagia yurea. Mmea hurefuka kidogo, njano ikabaki palepale. Wiki ijayo anaongeza nyingine.

Aliyesomea sayansi ya mimea huanza kwa kuuliza njano imetokea wapi: kwenye majani mazee au machanga? Naitrojeni ni kirutubisho kinachohama ndani ya mmea. Ikipungua ardhini, mmea huitoa kwenye majani ya chini na kuipandisha juu, ndiyo maana majani mazee hutangulia kupauka. Chuma hakihami. Kikishakaa kwenye jani kimekaa, na jani linalochipua leo hutegemea chuma ambacho mizizi inakifyonza leo. Njano iliyoanzia juu inaashiria upungufu wa chuma, na ndani ya yurea hakuna chuma hata chembe.

Ajabu ni kwamba mara nyingi chuma kimo ardhini. Udongo wa Diani, Galu na Kinondo umelala juu ya miamba ya matumbawe ya kale, yaani chokaa. Chokaa hupandisha kipimo cha pH hadi karibu na 8, na katika hali hiyo chuma hujifunga kwenye umbo lisiloyeyuka majini. Mizizi imekizunguka lakini haiwezi kukinywa. Na maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mwamba huohuo yana chokaa pia, kwa hiyo kila jioni anayemwagilia anaongeza kilekile kinachoudhuru mmea wake. Dawa ipo: chuma kilichoandaliwa kiwandani kwa namna ya kubaki kimeyeyuka hata penye chokaa, au mboji nyingi, msimu baada ya msimu. Bei ya hicho cha kwanza ikikushtua, ng'oa iksora upande bogenvilia au mwarobaini, mimea isiyolalamika juu ya matumbawe.

Jani hilo moja limebeba kemia ya udongo, lishe ya mimea na fiziolojia, masomo ya miaka miwili ya mwanzo chuoni. Vijana wengi wanaochagua kozi kupitia KUCCPS, asasi inayowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, hudhani shahada ya kilimo cha bustani ni miaka minne ya kufundishwa kupanda nyanya na sukuma wiki. Kupanda, bibi zao wa Msambweni wanakujua vizuri zaidi ya wahadhiri wengi. Kinachofundishwa ni sababu: kwa nini mbolea iliyofaulu Kikoneni inashindwa Tiwi, ilhali mbegu ni ile ile na mikono ya mkulima ni ile ile.

Kaunti ya Kwale, ilipo Diani, yenyewe ni maabara kwa swali hilo. Ukiondoka ufuoni kuelekea magharibi unaanza na matumbawe, unaingia kwenye michanga myekundu ambayo wanajiolojia huiita ya Magarini, unapanda vilima vya Shimba vyenye udongo wa mawe ya mchanga, kisha unateremkia Kinango, nyika ya Waduruma, ambako mvua inapungua na mahindi yanakuwa bahati nasibu. Safari nzima haimalizi siku. Mwanafunzi aliyelelewa kwenye kaunti hii ameziona ardhi tatu nne kabla hajakutana na neno pH.

Ndiyo maana huwa nasikitika nikiona mifano ya darasani inatoka nyanda za juu tu. Historia inaeleza. Egerton ilianzishwa mwaka 1939 kama shule ya kilimo huko Njoro, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mnazi hauwezi kukua. Jomo Kenyatta ilianza Juja mwaka 1981 kwa msaada wa Japani. Ni vyuo vizuri, na vimewatoa wataalamu wengi wa maua ya Naivasha na parachichi za Murang'a. Kwa anayetoka Pwani kuna Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, kilichopata hati mwaka 2013 kwenye viwanja vilivyokuwa vya taasisi ya kilimo, na kuna vituo vya utafiti wa kilimo vya KALRO Mtwapa na Matuga, hicho cha pili kikiwa ndani ya Kwale. Popote atakaposajiliwa, mwanafunzi wa huku ajue kwamba mazao ya kwao yana tabia zisizofanana na zile za kitabu.

Chukua mwembe na mnazi, miti inayosimama pamoja kwenye kila ua kuanzia Ukunda hadi Vanga. Embe la ngowe lililo tamu unaweza kulizidisha upendavyo: unakata kikonyo kutoka mti mama, unakibebesha juu ya mche ulioota kutoka kokwa yoyote ya kienyeji, na baada ya miaka mitatu hivi unaanza kuchuma ngowe ileile. Hilo linawezekana kwa sababu chini ya gome la mwembe kuna tabaka jembamba la seli zinazogawanyika, kambiamu. Ukizibana kambiamu mbili zikagusana, zinaungana na kuwa mti mmoja. Kisu kikali, mkono msafi na nailoni ya kufungia. Kazi nyingine inafanywa na seli zenyewe.

Mnazi hauna kambiamu. Ni ndugu wa nyasi na mahindi: mirija yake ya maji na chakula imetawanyika ndani ya shina zima, na seli za kuurefusha ziko mahali pamoja tu, kwenye moyo wa kileleni, lile shaha. Kwa hiyo huwezi kuubebesha, na huwezi kuutoa tawi. Ndiyo maana pia yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele anaogopwa kuliko mdudu yeyote wa majani: akilifikia shaha, mnazi umekwisha. Njia ya kawaida ya kupata mnazi mpya ni kuotesha nazi, na hapo kuna kitendawili kingine. Karara la mnazi mrefu wetu linapofunguka, maua ya kiume hukomaa na kuanguka kabla ya maua ya kike ya shada hilohilo kuwa tayari. Ua la kike hupokea chavua kutoka mnazi mwingine, pengine wa jirani aliye mvivu wa kuchagua mbegu. Unachagua nazi kutoka mnazi bora shambani, unapata mtoto ambaye baba yake humjui. Minazi mifupi hujichavusha yenyewe zaidi, kwa hiyo watoto hufanana na mama, na huanza kuzaa mapema, baada ya miaka mitatu au minne. Ule mrefu huchukua sita, saba, wakati mwingine zaidi. Mwanafunzi akipanda mnazi mrefu siku ya kuripoti chuoni, atahitimu kabla hajaona kidaka kimoja. Ndio ugumu wa utafiti wa mnazi kwa ufupi, na ndio sababu miradi ya miaka mitatu hupenda nyanya.

Nikitaja kidaka nakumbuka majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kwa nyuzi za funza wao. Wakwezi na wagema hawawapendi, na wana haki, maana wanauma. Wengi huwachoma moto. Lakini kuna mdudu mwingine mwembamba anayefyonza vidaka vikadondoka kabla ya kufika kitale, na jina lake la kisayansi ni Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya Michael Way, aliyemchunguza Zanzibar katika miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Iligundulika kwamba penye majimoto wengi mdudu huyo hapati nafasi, na penye sisimizi wadogo wa kahawia wanaojenga chini ya minazi, majimoto hufukuzwa na vidaka huanguka. Huko Benin imeonekana pia kwamba maembe yenye chungu hao hushambuliwa kidogo na nzi wa matunda. Mkulima anayeona vidaka vimetapakaa chini huenda kununua dawa. Mwanafunzi wa elimu ya wadudu angetazama kwanza ni chungu gani wanapanda shina.

Na hao nzi wana habari yao. Mwaka 2003 watafiti wa kituo cha elimu ya wadudu cha icipe waliwanasa huku Pwani nzi wa matunda ambao Afrika haikuwajua. Walipewa jina Bactrocera invadens mwaka 2005, kisha wanasayansi wakakubaliana kwamba ni Bactrocera dorsalis, yule wa Asia. Jike hutaga chini ya ganda la embe, funza hula ndani, embe huanguka, funza hutoka na kujizika ardhini kugeuka nzi wengine. Ukielewa mzunguko huo unaona mara moja kwa nini kupulizia dawa kwenye matunda ni kupoteza pesa: yai na funza wamo ndani, na anayegeuka nzi yuko udongoni. Kinachosaidia ni kuokota maembe yaliyoanguka kila siku na kuyafunga kwenye mfuko mweusi juani, chambo cha protini kwa sababu jike huhitaji protini ili mayai yakomae, na mitego ya harufu inayowavuta madume.

Sasa niseme neno kuhusu takwimu, somo linalowafukuza wengi. Tuseme mkulima wa Ramisi anajaribu mbolea mpya kwenye nusu ya shamba na nusu nyingine anaiacha. Nusu yenye mbolea inazaa zaidi. Lakini je, ndiyo iliyo bondeni, maji yanakotuama? Palikuwa na zizi la mbuzi hapo zamani? Ronald Fisher alikabiliana na tatizo hilohilo alipojiunga na kituo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, na suluhisho lake linafundishwa hadi leo: gawanya shamba katika vipande vidogo vilivyopangwa kwa makundi kufuata mteremko, weka chenye mbolea na kisicho na mbolea katika kila kundi la vipande, upige kura ni kipi kipate nini. Kura hiyo inaondoa upendeleo wa jicho lako na wa ardhi. Bila hiyo, shahada haina tofauti kubwa na uzoefu wa mzee yeyote mwenye macho mazuri, na wazee wetu wana macho mazuri sana.

Ushahidi wa hilo ni kaya, misitu mitakatifu ya Pwani. Misitu ya Kinondo na Muhaka ilihifadhiwa kwa miiko ya wazee wa Kidigo karne nyingi kabla ya idara yoyote ya misitu, na wataalamu Ann Robertson na Quentin Luke walipoikagua misitu ya kaya walikuta miti adimu. Muhaka kuna Gigasiphon macrosiphon, mti wa maua makubwa meupe unaojulikana katika misitu michache tu ya pwani ya Kenya na Tanzania. UNESCO iliorodhesha baadhi ya misitu ya kaya kama urithi wa dunia mwaka 2008, Kinondo ikiwemo. Kuotesha mbegu za miti kama hiyo kitaluni, kujua kivuli na unyevu inaoutaka, ni kazi ya mtaalamu wa bustani, na Kwale inawahitaji wachache wa namna hiyo kuliko inavyohitaji muuzaji mwingine wa mbegu za kabeji.

Jambo la mwisho ni la kalenda. Vyuo vingi hupeleka wanafunzi kwenye mafunzo ya kazi kati ya Mei na Agosti, wakati msimu mkubwa wa embe wa Pwani umekwisha. Mwanafunzi wa Kwale ana Desemba, yuko likizo, na miembe imejaa. Chupa chache za plastiki zilizotobolewa, kivutio kutoka duka la dawa za kilimo, daftari. Ahesabu nzi kila Jumamosi, aandike mvua na idadi ya maembe yaliyoanguka chini ya kila mti, na karibu na jina la kila mti aandike kama una majimoto au hauna. Akirudi chuoni atakuwa na takwimu za miti yao wenyewe za kumwonyesha msimamizi wake, na swali la mradi wa mwaka wa nne tayari liko mezani.