Gharama ya Kutoamua Mapema

Filamu za bajeti kubwa, ambazo moja tu kati yake huweza kugharimu zaidi ya dola milioni 200, huendeshwa kwa hesabu ambayo mtazamaji haioni anapokata tiketi. Majumba ya sinema hubaki na karibu nusu ya fedha za mlangoni, matangazo hulipiwa nje ya bajeti ya utengenezaji, na kwa sababu hiyo filamu hairudishi gharama zake mpaka mapato ya tiketi yafike mara mbili ya bajeti au zaidi. Kwa kipimo hicho, Indiana Jones and the Dial of Destiny ya mwaka 2023, inayotajwa kugharimu karibu dola milioni 300 na kuingiza takriban milioni 384 duniani kote, ilikuwa hasara, ingawa tarakimu hizo kwa asiyejua biashara hiyo zinafanana na faida.

Hasara ya studio haimhusu mtazamaji. Kinachomhusu ni kwamba fedha hizo zote hazikumfikia machoni. Sehemu ya mwanzo ya filamu hiyo, ambayo kisa chake kimewekwa mwaka 1944, inamwonyesha Harrison Ford, aliyezaliwa 1942, akipambana na Wanazi kwenye treni usiku, huku uso wake ukiwa umerudishwa ujanani kwa kompyuta. Ngozi imenyooka na macho yanang'aa, lakini akifungua kinywa hutoka sauti ya mzee, na akikimbia juu ya mabehewa mwili wake hauonekani kuwa na uzito wowote. Hata asiyejua lolote kuhusu kompyuta huhisi kwamba pale hakuna mtu anayeweza kuanguka, na steringi asiyeweza kuanguka hamtii mtu wasiwasi.

Udhaifu huo hauletwi na kompyuta yenyewe, bali na namna inavyotumiwa. Madoido ya kompyuta ni picha zinazoundwa au kurekebishwa na wasanii baada ya kamera kufanya kazi yake, na studio kubwa za Marekani zimezoea kuwapiga picha waigizaji mbele ya kitambaa cha kijani au bluu, kisha kuahirisha uamuzi wa nini kitaonekana nyuma yao, na kuubadili tena na tena hata tarehe ya kutoka kwa filamu ikiwa imekaribia. Kila badiliko huwarudisha nyuma wasanii wengi, na kila kurudi nyuma kuna bei yake. Mwezi Septemba 2023 wafanyakazi wa madoido wa studio ya Marvel, baada ya malalamiko ya muda mrefu kuhusu saa za kazi na mabadiliko ya dakika za mwisho, walipiga kura ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, na haikupatikana kura hata moja ya kupinga.

Mfano wa kinyume chake ulitoka Japani Novemba mwaka huohuo. Godzilla Minus One, iliyotengenezwa kwa kiasi kisichofika dola milioni 15, ilikuwa na vipande 610 vya madoido vilivyofanywa na wasanii wapatao 35, na mwongozaji wake, Takashi Yamazaki, ndiye aliyekuwa pia msimamizi wa madoido, akiketi karibu na wasanii wake kiasi kwamba swali lililoulizwa asubuhi halikusubiri kikao cha wiki ijayo. Msanii kijana, Tatsuji Nojima, aliwaonyesha wenzake mawimbi aliyoyaunda mwenyewe, na matukio ya baharini yakaongezwa kwa sababu hiyo. Machi 2024 wote wawili walikuwa miongoni mwa waliopokea Oscar ya madoido, tuzo ambayo kabla ya Yamazaki hakuna mwongozaji aliyekuwa ameipata tangu Stanley Kubrick. Haifai kusahau, hata hivyo, kwamba sehemu ya unafuu wa bajeti hiyo inatokana na ujira mdogo wa wasanii wa Japani.

Thamani ya kazi hiyo inaonekana katika tukio la mashua. Shikishima, rubani aliyekwepa kazi ya kujitoa mhanga wakati wa vita, yumo katika mashua chakavu ya kuondoa mabomu ya baharini, mashua ambayo ni ya mbao kwa sababu chuma kingeyaamsha mabomu yenye sumaku. Kichwa cha dubwana Godzilla kinawafuata kikipasua maji, wanaume wanne hawana silaha ila bunduki ya rashasha na mabomu waliyookota, nao wanalisogeza bomu moja hadi kinywani mwake, ambako linakataa kulipuka. Waigizaji walikuwa baharini kweli, na kuyumba kwao si kwa kuigiza. Tukio hilo hubaki na nguvu zake hata kwenye runinga ndogo ya kibanda umiza, mahali ambapo filamu nyingi za gharama kubwa hugeuka rangi na kelele.

Fedha nyingi zenyewe, kwa upande mwingine, si kosa. Avatar: The Way of Water ya mwaka 2022, mojawapo ya filamu ghali kuliko zote, ilifuata ya kwanza baada ya miaka 13, na mwongozaji wake, James Cameron, aliwafundisha waigizaji kubana pumzi ili wacheze ndani ya tangi la maji, ambamo Kate Winslet aliwahi kukaa zaidi ya dakika saba. Kisa chake ni chepesi na mazungumzo yake mara nyingi yanachosha, lakini maji yake yana kina, na iliingiza zaidi ya dola bilioni 2.3.