Beringi za Magurudumu ya Land Rover Kuukuu

Katika vilima vya Dundori, kati ya Nakuru na Ol Kalou, magari ya Land Rover yametumika miaka mingi kuchukua viazi, maziwa na watu. Gari hilo lilionyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na muundo wake wa zamani ulikoma kutengenezwa Uingereza mwezi wa Januari 2016. Kwa hiyo yaliyobaki yote yana umri, na mwenye gari kama hilo hana budi kujua jinsi ya kulitunza. Sehemu moja isahaulikayo sana ni beringi za magurudumu.

Katikati ya kila gurudumu mna kitovu, ambacho mafundi hukiita habu. Habu huzunguka juu ya beringi mbili, moja ya ndani na moja ya nje. Kila beringi ina vibiringo vya chuma kigumu, vinene upande mmoja na vyembamba upande wa pili. Umbo hilo, ambalo Henry Timken wa Marekani alipewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1898, huiwezesha beringi kubeba uzito wa gari, na pia msukumo wa ubavuni gari likatapo kona.

Adui wa beringi ni maji na matope. Gari lishukapo mteremko kwa kutumia breki, habu hupata moto. Likiingia mara moja katika maji baridi, hewa iliyo ndani ya habu hupoa na kusinyaa, na maji hunyonywa kupitia sili iliyolika. Ndipo grisi hugeuka rangi ikawa kama maziwa, na vibiringo hushikwa na kutu.

Dalili za ubovu ni nne. Kwanza, gurudumu huvuma, na uvumi huongezeka kadiri ya mwendo. Pili, baada ya safari habu moja huwa na moto kuliko nyingine. Tatu, grisi huvuja upande wa ndani wa gurudumu. Nne, gurudumu lililoinuliwa hucheza likishikwa juu na chini na kutikiswa. Kwa gurudumu la mbele, mtu wa pili na akanyage breki: mchezo ukiisha, kosa ni la beringi, ukibaki, yafaa kutazama pini ambazo gurudumu hugeukia.

Dalili hizo zisidharauliwe. Grisi ikifika kwenye breki, breki hazishiki sawasawa. Beringi ikivunjika kabisa, gurudumu laweza kuchomoka pamoja na habu yake. Katika mteremko wa kuelekea Lanet, gari likiwa limejaa watu na magunia, jambo hilo ni la kufa na kupona.

Kazi ya kubadilisha haihitaji mashine kubwa. Gari lisimame penye tambarare, magurudumu mengine yazuiwe kwa mawe, na ekseli itegemezwe kwa stendi imara. Mtu asiitegemee jeki peke yake. Gurudumu likiisha kutolewa, huondolewa ngoma ya breki, kisha bolti sita zilizo katikati. Kwa gurudumu la nyuma, shafti huvutwa nje. Ndani zimo nati mbili na wosha iliyokunjwa kati yake. Nati hizo hufunguliwa kwa soketi ya milimita 52, si kwa patasi na nyundo, maana patasi huziharibu.

Vitu vyote vioshwe kwa mafuta ya taa na kukaguliwa. Vibiringo vyenye vijishimo, au vilivyogeuka buluu kwa moto, havifai tena. Pete ya nje ya kila beringi, iliyobana ndani ya habu, hutolewa kwa kugongwa taratibu pande zote kwa kipande cha shaba. Pete mpya ikiingia bila kubana, habu yenyewe imelika, nayo haina budi kubadilishwa. Wala vibiringo vipya visitiwe katika pete kuukuu, maana vitakufa upesi. Sili nayo iwe mpya.

Grisi safi hushindiliwa kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili wa vibiringo. Kisha nati ya kwanza hukazwa huku habu ikizungushwa, halafu hulegezwa kidogo ubaki mchezo mdogo sana, kama sehemu moja ya kumi ya milimita, au kama kitabu cha gari kisemavyo. Nati ya pili ikiisha kukazwa, mchezo upimwe tena, ndipo wosha ikunjwe. Nati ikibana mno, beringi huungua. Ikilegea mno, hugongana.

Mnunuzi na ajihadhari na beringi za bandia. Kenya ina sheria ya kupinga bidhaa za bandia tangu mwaka 2008, lakini hila hazijakwisha. Afadhali kununua kwa muuzaji anayejulikana, na kudai risiti.

Baada ya safari fupi ya kwanza, mkono usogezwe karibu na habu. Ikiwa na moto mwingi, ifunguliwe upya. Na kila baada ya majira ya mvua, magurudumu yainuliwe na kutikiswa. Kazi hiyo huchukua muda mfupi tu, nayo yaweza kuokoa gari na roho za watu waliomo.