Kasa Mlangoni mwa Jiko: Bismillahi Si Muhuri wa Kila Nyama

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba bara na bahari akatupa riziki katika zote mbili. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zetu, na hasa kina mama mnaoshika mwiko na sufuria, juma hili twapenda tuzungumze juu ya kumuua mnyama ili tumle: nani aliyetupa ruhusa hiyo, na mipaka yake ni ipi. Sisi wa Majoreni upande mmoja tuna maji na mikoko, na upande wa pili tuna mashamba na mifugo. Tungeweza kuchukua mfano wa mbuzi au kuku, lakini tumemchagua kasa, kwa kuwa yeye huipima ruhusa hiyo kwa kila upande.

Msiba wa Panza

Mwezi wa Machi 2024, siku chache kabla ya mwandamo wa Ramadhani ya mwaka 1445 Hijria, habari nzito ilivuka mkondo wa Pemba ikatufikia. Katika kisiwa cha Panza, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki dunia baada ya kula nyama ya kasa, na watu wengine 78 wakalazwa hospitali. Yule mtu mzima alikuwa mama wa mmoja wa watoto waliotangulia. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa Novemba 2021, watu saba walikufa hukohuko Pemba kwa sababu hiyohiyo, na miongoni mwao alikuwamo mtoto wa miaka mitatu. Mwenyezi Mungu awarehemu wote na awape subira waliobaki.

Pemba si ugenini kwetu. Wavuvi wa Kipemba wametia nanga Shimoni, Vanga na hapa kwetu kwa vizazi kadhaa. Tumeozana nao, tumezikana nao, na mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua rasmi kuwa raia. Kinacholiwa kule huliwa huku, na hoja inayotolewa kule huku nayo husikika: kwamba bahari yote ni halali, na ukishasema bismillahi mambo yamekwisha. Hoja hiyo twataka tuitazame kwa utulivu. Hatuwalaumu waliofiwa. Twaandika kwa ajili ya walio hai, ambao bado wana watoto wa kulisha.

Ruhusa ya nani?

Tuanze na swali ambalo wengi wetu hatujiulizi: kwa nini tumuue mnyama kabisa? Mombasa tuna majirani Wajaini, ambao dini yao huwakataza kuua chochote chenye uhai, nao huishi miaka yote bila kuonja nyama wala samaki. Mayahudi hula nyama, lakini katika viumbe wa majini wamehalalishiwa wale tu wenye mapezi na magamba, na kasa kwao hamo. Sisi hatufuati njia ya Wajaini, kwa kuwa Muumba mwenyewe ametuhalalishia wanyama tuwale. Lakini swali lao si la kuchekwa. Wao wameuona uzito wa kumwaga damu, na Uislamu haukuja kuufanya uzito huo kuwa mwepesi.

Tazama Sura ya al-An'am, aya ya 38: Mwenyezi Mungu anatueleza kuwa wanyama watembeao ardhini na ndege warukao angani ni umma mfano wetu sisi. Mwenye uhai huo ni Mungu, wala si mvuvi, na wala si mwenye zizi. Basi tunapolitaja jina lake wakati wa kuchinja, twakiri kuwa uhai huu si wetu na kwamba tunauchukua kwa idhini ya mwenyewe. Bismillahi ni kauli ya mtu anayejua kuwa ameruhusiwa. Si muhuri wa kugonga juu ya kila kinachoingia wavuni. Mtu hawezi kuitumia idhini ya mwenye shamba kuvunia shamba la jirani. Vivyo hivyo, jina la Mungu halitajwi juu ya kile ambacho Mungu hakukiruhusu, likakigeuza kuwa halali.

Na hata palipo na ruhusa, pana hesabu. Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba atakayemuua shomoro, au kiumbe kilicho zaidi ya hapo, pasipo haki, ataulizwa na Mwenyezi Mungu. Maswahaba walipouliza haki yake ni ipi, aliwajibu kuwa ni kumchinja na kumla, si kumkata kichwa na kumtupa. Ikiwa shomoro ana kesi, seuze kasa ambaye uzito wake hupita wa mtu mzima?

Wanazuoni wamesemaje juu ya kasa?

Wenye kumhalalisha kasa hushika Sura ya al-Maida, aya ya 96, ambapo tumehalalishiwa kuvua na kula vya baharini. Aya ni ya haki. Linaloulizwa ni kama kasa ni wa baharini tu. Kasa hupumua hewa kama sisi, na jike hupanda ufuoni usiku akachimba shimo na kutaga. Ndipo madhehebu yakatofautiana. Wafuasi wa Imamu Malik wamemhesabu kuwa ni wa bahari na wakamhalalisha. Imamu Ahmad alimruhusu kwa sharti achinjwe. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa hawahalalishi cha majini isipokuwa samaki.

Na sisi wa mwambao, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, tumesomeshwa Minhaji ya Imamu Nawawi katika madrasa zetu. Humo imewekwa kanuni kuwa kiumbe aishiye bara na baharini pia haliwi, na wafafanuzi wa kitabu hicho wakamhesabu kasa katika kundi hilo. Miongoni mwa sababu walizozitaja ni madhara. Wanazuoni hao waliandika karne nyingi kabla ya maabara na vipimo, na neno lao lafaa litusimamishe leo tunapokumbuka yaliyotokea Panza.

Kisu na rehema

Sasa tuseme yuko anayefuata kauli ya kumhalalisha. Je, anamuua vipi? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu ameandika ihsani katika kila jambo, hata katika kuchinja: mtu anoe kisu chake na amstareheshe mnyama wake. Alimkemea aliyekuwa akinoa kisu mbele ya mbuzi aliyelazwa, akamuuliza kama ataka kumuua mara mbili. Na amesema kuwa kipande kilichokatwa kwa mnyama naye yu hai, kipande hicho ni mzoga.

Linganisha hayo na afanyiwavyo kasa. Hupinduliwa chali, hali ambayo hawezi kuinuka, akaachwa juani au ndani ya dau kwa saa nyingi. Kisha gamba hupasuliwa na nyama hukatwa naye angali anapiga mapezi. Basi kwa Mshafi, nyama hii ni haramu tangu asili. Na kwa anayeshika kauli ya Imamu Ahmad, sharti la kuchinja halikutimia. Aliyekimbilia kauli nyepesi ajue kuwa wepesi nao una masharti yake.

Tena, yupi anayekamatwa kwa urahisi zaidi? Ni jike anayepanda ufuoni kutaga, mzito na asiyeweza kukimbia. Shimo moja huwa na mayai zaidi ya mia, lakini watoto wake wanaofikia utu uzima ni wachache mno, na kasa wa kawaida huweza kuchukua miaka ishirini au zaidi kabla ya kuanza kuzaa. Mtume (S.A.W.) alipomwona ndege anahangaika kwa kuwa makinda yake yamechukuliwa, aliuliza nani amemtia uchungu, akaamuru arudishiwe. Na alipokaribishwa na mmoja wa Maansari aliyeshika kisu ili amkirimu, alimtahadharisha asichinje mnyama mwenye maziwa. Katika mafundisho haya twaona kuwa mama anayelea ana heshima yake, hata akiwa mnyama.

"Wazee wetu walikula"

Hili ndilo jibu tunalolisikia mara nyingi, na ni kweli kuwa wako waliokula na wasidhurike. Ndipo palipo hatari. Wataalamu wengi waona kuwa sumu ya kasa hutokana na kile alichokila baharini, na ng'amba ndiye anayetajwa zaidi katika visa vya sumu. Kasa wawili waweza kufanana kwa sura, mmoja akawa na sumu na mwingine asiwe nayo. Mnyama mwenyewe huonekana mzima. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, hata nyama ikichemshwa kutwa. Dalili ni kichefuchefu na kutapika, kuwaka moto mdomoni na kooni, kushindwa kumeza, kisha usingizi mzito ambao wengine hawaamki. Dawa maalumu ya kuivunja haipo. Hudhuru watoto zaidi, na yaweza kumfikia mtoto mchanga kwa njia ya maziwa ya mama yake.

Mtu asiyejua kama nazi yake ina sumu hamkunii mwanawe tui. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura ya al-Baqara, aya ya 195, tusijitie wenyewe katika maangamizi, na kanuni ya fiqhi tunayoihifadhi tangu utotoni ni kuwa hakuna kudhuru wala kudhuriana. Hata mwenye njaa kali, aliyeruhusiwa mzoga ili aokoe roho yake, hakuruhusiwa sumu, kwa kuwa sumu haiokoi roho.

Mvuvi na wavu wake

Hatusahau hali ya mvuvi. Kusi linapovuma na bahari kuchafuka, siku hupita bila kitoweo, na kasa huingia katika jarife pasipo kutafutwa. Wavu hukatika, na huo ni mtaji wake. Dhiki hiyo ni ya kweli, na jamii isiyoijali haina haki ya kumhubiria. Huko Watamu, shirika la Local Ocean Conservation hushirikiana na wavuvi: anayenaswa hupewa matibabu akihitaji, kisha hurudishwa baharini, na mvuvi hulipwa kidogo kwa taabu yake. Vikundi vyetu vya usimamizi wa ufuo vyaweza kuzungumzia mpango wa namna hiyo huku kwetu kusini.

Vilevile tukumbuke kuwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda kasa katika Kenya nzima. Kutii sheria isiyoamrisha maasi ni katika dini yetu, na kumweka baba wa watoto gerezani kwa ajili ya chungu kimoja cha nyama ni hasara ya nyumba nzima.

Neno kwa kina mama

Twamalizia kwenu kwa sababu mlango wa mwisho wa nyama hii ni jiko. Kwa desturi zetu njema, aliyepata kitoweo hapiki peke yake. Fungu hupelekwa kwa jirani, na mtoto ndiye anayetumwa na sahani. Ukarimu huo ni fahari ya miji yetu. Lakini nyama ya kasa ikipita katika sahani hizo, ukarimu wenyewe ndio unaoibeba sumu nyumba hadi nyumba. Ndivyo nyumba nyingi zinavyoweza kulia siku moja.

Basi mama anayo haki, bali anayo amana, ya kuuliza: nyama hii ni ya nini, na imetoka wapi? Ikiwa ni ya kasa, airudishe kwa maneno mazuri, bila kumvunjia heshima aliyeileta. Aseme tu kuwa nyumbani kwake hailiwi. Na iwapo imekwisha kuliwa, asingoje dalili zizidi wala asitegemee tiba za kienyeji. Awakimbize walioila hospitali, wote, hata wasiohisi kitu, na aseme wazi walikula nini. Aibu isimfunge mdomo, kwani daktari hawezi kusaidia asilolijua.

Na watoto wetu tuwafundishe mapema kwamba bismillahi hutanguliwa na swali. Kabla ya kulitaja jina la Mola juu ya mnyama, mtu ajiulize kama ameruhusiwa kumuua, kama anamuua kwa huruma, na kama atakayemla atasalimika. Mbuzi na kuku wetu nao wanastahili maswali hayo matatu kila siku. Kasa hajibu hata moja kati yake kwa namna ya kututuliza nyoyo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atulishe vya halali vilivyo vizuri, atukinge na kila kinachodhuru miili na dini yetu, na atie rehema mikononi mwa wanaoshika visu na wanaotupa nyavu. Wabillahi tawfiq.