Picha Ipo, Jina Halipo: Mpiga Picha wa Studio na wa Harusi (Sehemu ya Pili)

Katika albamu aliyoacha marehemu bibi yangu imo picha moja ya harusi. Watu sita wamesimama mbele ya mlango wa nyumba. Watano tunawajua: bwana harusi ni babu yangu, na waliomzunguka ni ndugu zake. Wa sita ni mwanamke mrefu, buibui lake limeshushwa mabegani, mkono ameuweka begani kwa babu kama mtu mwenye haki ya kufanya hivyo. Kila mzee tuliyemuuliza alitaja jina la mwanamke huyo, na majina hayo hayakulingana. Nyuma ya picha upo muhuri wa studio, lakini wino umefifia na hausomeki. Basi aliyepiga picha hatumjui, na mama yule hatumjui.

Wiki iliyopita nilieleza jinsi kamera ilivyokita mizizi pwani yetu kupitia studio za Wagoa mjini Unguja mwishoni mwa karne ya 19. Leo naomba msomaji anifuate hadi Bamako, mji mkuu wa Mali, kwa sababu kisa cha picha isiyo na jina kilitokea huko mbele ya macho ya dunia nzima.

Seydou Keïta alizaliwa Bamako mwanzoni mwa miaka ya 1920. Shule hakwenda, alijifunza useremala. Mwaka 1935 mjomba wake alirudi kutoka Senegali na kamera ndogo ya Kodak Brownie, akampa kijana. Mengine aliyapata kwa wakubwa wa kazi, akiwemo Mountaga Dembélé, aliyemfundisha kusafisha picha. Mwaka 1948 akafungua studio yake uani kwa familia, si mbali na gereza, na si mbali na stesheni ya reli inayokwenda Dakar. Stesheni ilikuwa baraka. Wasafiri walishuka, wakapigwa picha, wakaziacha kwa jamaa au wakazituma kwao kijijini.

Alifanya kazi kwa mwanga wa jua, pale pale uani, na kamera kubwa ya mbao yenye negativu za sentimita 13 kwa 18. Negativu ya ukubwa huo haihitaji kukuzwa. Unailaza juu ya karatasi, unaipitishia mwanga, unapata picha yenye ukubwa ule ule, kali hadi uzi wa mshono. Lakini ni ghali. Kwa hiyo Keïta alimpiga mteja mara moja tu. Hebu fikiri maana yake. Leo kijana anapiga picha mia tatu kwenye sendofu moja kisha anachagua. Yeye alichagua kwanza: amgeuze mteja kidogo ubavu, ainue kidevu, akunjue mkono ili saa ionekane, ndipo abonyeze. Ukitazama picha yake ya mwaka 1959 ya kijana mwenye suti nyeupe na miwani mizito, ameshika ua moja kwa vidole vyake virefu, unaona kwamba hakuna kilichobahatishwa.

Studio ilikuwa na vitu vya kuazima: suti za Kizungu, tai, saa, kalamu za wino, redio, pikipiki ya Vespa. Wako wanaosema huo ulikuwa uongo, maskini kujifanya tajiri. Mimi sikubaliani nao. Mteja wa studio hakwenda kutoa ushahidi wa mali yake. Alikwenda kuonyesha mtu anayekusudia kuwa, naye mpiga picha alimsaidia kumtoa mtu huyo nje. Ndiyo kazi yenyewe, Bamako kama Mombasa, na asiyeielewa atabaki kupiga paspoti saizi maisha yake yote.

Sasa tuje kwenye pazia, maana hapo ndipo penye siri. Pazia la kwanza la Keïta lilikuwa shuka ya kitandani mwake mwenyewe, yenye vishada ukingoni. Ilipochakaa akaweka kitambaa cha majani, kisha cha maua ya kujipinda, kisha cha kijivu. Alikibadilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu. Hakuwa na daftari la tarehe, lakini uzeeni aliweza kuitazama picha na kusema ni ya miaka gani, kwa kuangalia kitambaa kilicho nyuma ya mteja. Pazia ndilo lililokuwa kalenda yake.

Mali ilipata uhuru mwaka 1960. Miaka miwili baadaye serikali ikamchukua awe mpiga picha wake rasmi, na studio ikafungwa. Alistaafu mwaka 1977, akageukia ufundi wa injini, uliokuwa mapenzi yake ya pili. Negativu zake, maelfu kwa maelfu, zilikaa sandukuni.

Mwaka 1991 yakafanyika maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika mjini New York. Zilikuwamo picha chache kutoka Bamako, na kwenye maelezo yake paliandikwa kwamba mpigaji hajulikani. Hajulikani! Mtu alikuwa hai, ana nyumba na mtaa, na kila familia ya zamani pale Bamako ina picha yake ukutani. Mfaransa mmoja, André Magnin, aliziona, akafunga safari kwenda kumtafuta. Alipofika Bamako alielekezwa kwa Malick Sidibé, mpiga picha mwenzake, naye Sidibé akazitambua mara moja, akampeleka kwa mzee. Mwaka 1994 Keïta alikuwa Paris akizitazama picha zake zimekuzwa. Alifariki mwaka 2001. Jina lake lilirudi kwa sababu alikuwepo mtu mmoja hai wa kuzitambua. Lakini majina ya wengi wa wateja wake hayakurudi. Kijana mwenye ua tunamwita hivyo tu, kijana mwenye ua.

Huyo Sidibé ndiye wa kutuingiza kwenye harusi. Keïta alingojea watu uani kwake, Sidibé aliwafuata. Kwa kamera ndogo na flashi alizunguka Bamako usiku, harusi hii, ubatizo ule, dansi la vijana, hata sherehe kadhaa kwa usiku mmoja. Alfajiri alirudi studio kwake Bagadadji, akasafisha filamu, akachapa picha ndogo ndogo na kuzibandika kwenye makaratasi, kila moja na namba yake. Wateja walikuja, wakajitafuta, wakaagiza kwa namba. Mwaka 2007 alipewa Simba wa Dhahabu wa maonyesho ya Venice kwa kazi ya maisha yake, na hakuna mpiga picha aliyewahi kuipata tuzo hiyo kabla yake.

Kazi ya harusi ina ugumu ambao wa studio hauna. Bi harusi amevaa gauni jeupe, bwana harusi koti jeusi, na nyuso zao ni nyeusi. Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kila kinachotazamwa kina ung'avu wa wastani. Kikiliona gauni hukata mwanga, na uso wa bi harusi unazama gizani. Fundi hukiacha kipimo na kupimia uso. Zamani ugumu ulizidishwa na filamu ya rangi yenyewe: maabara zilipanga rangi kwa kulinganisha na kadi ya mwanamke Mzungu, ambayo mafundi waliiita Shirley, na kwa miaka mingi ngozi nyeusi haikuwemo kwenye hesabu. Wapiga picha wetu walitoa nyuso nzuri kwenye vifaa ambavyo havikutengenezwa kwa ajili ya nyuso hizo.

Pwani yetu ina ugumu mwingine, nao ni wa heshima. Kwenye kupamba, wanawake huvua mabuibui, hucheza, na bi harusi hukaa wazi na hina na vikuku vyake. Picha ya usiku ule si ya kila jicho. Ndiyo maana simu hukusanywa mlangoni, na mpigaji ni mwanamke aliyeaminiwa. Wako wanaoona desturi hii imepitwa na wakati. Naona inamfundisha mpiga picha jambo ambalo vyuo husahau, kwamba picha ina mwenyewe, na mwenyewe ni aliyepigwa.

Kwetu nako masanduku yapo. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, na mwanawe akairithi. Huko Lamu, Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, alijifundisha mwenyewe kukata na kuunganisha negativu hadi uso wa mteja ukachanua ndani ya waridi. Lakini studio ndogo za mitaani hazina mtu wa kuja kutoka Paris. Nimeona mimi mwenyewe, studio moja ilipofungwa, negativu zikimwagwa jaani pamoja na makopo ya dawa. Mvua ya vuli ilizimaliza kwa wiki moja.

Kwa hiyo naomba hivi. Chukua albamu leo, keti na mzee wa nyumba, umuulize jina la kila mtu, na la mpiga picha. Andika nyuma kwa penseli laini, si kalamu ya wino, kwa sababu wino hupenya na kuchafua uso. Usibandike kwa selotepu. Negativu usizifunge kwenye mfuko wa plastiki, kwa kuwa joto na unyevu wa pwani huzigandisha. Zitie kwenye bahasha za karatasi, mahali pakavu, uzishike kwa kingo tu. Na kama una jamaa aliyekuwa na studio, mwulize sanduku liko wapi kabla nyumba haijauzwa.

Wiki ijayo: wapiga picha wa kivuko cha Likoni.