Reli ya Voi hadi Taveta: Njia Iliyozaliwa Vitani (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliifuata Reli ya Uganda kutoka Mombasa, ilikoanza mwaka 1896, tukaiona ikipita Voi na kufika Tsavo mwaka 1898. Leo tunashuka Voi na kugeukia magharibi, kuifuata njia ambayo vijana wengi wa Mwatate, Bura na Maktau wanaijua kwa tuta na vyuma vyake tu. Haikujengwa kwa ajili ya abiria wala mazao. Ilijengwa ili jeshi lipate maji, chakula na risasi, na asili hiyo inaeleza mengi yaliyoipata baadaye.

Vita Kuu ya Kwanza vilikuwa na siku chache tu Wajerumani walipovuka kutoka upande wa Moshi na kuiteka Taveta, tarehe 15 Agosti 1914. Walikuwa wamejiandaa vizuri. Reli yao ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ilikuwa imefika Moshi tangu 1911. Waingereza walikuwa na stesheni ya Voi, na kati yao na Taveta kulikuwa na nyika kavu ya takriban kilomita 110. Ng'ombe na nyumbu waliokokota mizigo waliuawa na mbung'o. Wapagazi nao walibeba vichwani, lakini mpagazi hula na kunywa njiani, na kadiri safari inavyorefuka ndivyo shehena inayomfikia askari inavyopungua.

Ndiyo maana mapema mwaka 1915 mafundi wa reli wa jeshi la India walianza kutandika vyuma kutoka Voi. Kufikia katikati ya mwaka, treni zilikuwa zikifika Maktau, na maji ya vilima vya Bura yakaletwa kambini kwa bomba. Wajerumani hawakukaa kimya. Walituma vikosi vidogo vikapita porini na baruti kulipua reli na kuvizia doria. Katika shambulio moja la kuvizia karibu na Maktau, tarehe 3 Septemba 1915, aliuawa Wilbur Dartnell, ofisa mzaliwa wa Australia, aliyekataa kuwaacha majeruhi wenzake. Alitunukiwa nishani ya Victoria Cross, na kaburi lake liko Voi.

Walioumia zaidi kwa sababu ya reli hiyo hawakuwa na bunduki. Wajerumani walipoivamia kambi ya Waingereza huko Kasigau mwaka huohuo, wakoloni waliwashutumu wenyeji kwamba ndio waliowaongoza adui. Wakasigau wakang'olewa kwao kwa nguvu na kupelekwa Malindi. Wengi walifia ugenini, na waliosalia waliruhusiwa kurudi miaka ya 1930. Historia ya njia hii isiyowataja watu hao haijakamilika.

Mwaka 1916 jeshi lilisonga mbele. Lilishindwa katika kilima cha Salaita tarehe 12 Februari, kisha likafaulu Latema na Reata mwezi Machi, na reli ikalifuata nyuma hadi Taveta. Mwaka huohuo iliunganishwa na ya Wajerumani huko Kahe. Kuunganisha kuliwezekana kwa urahisi kwa sababu pande zote mbili zilitumia upana uleule wa mita moja kati ya chuma na chuma. Waingereza waliufuata kwa kuwa vifaa vyao vingi vilitoka India, ambako upana huo ulikuwa wa kawaida.

Sasa tutazame vyombo vyenyewe. Kidogo kuliko vyote kilikuwa troli ya ukaguzi: jukwaa la mbao juu ya magurudumu manne ya chuma, benchi la mkaguzi na breki ya mkono. Wafanyakazi waliisukuma wakikimbia, na penye mteremko wakairukia na kuiacha iserereke. Mkaguzi alitazama kila kiungo cha chuma na kila taruma lililolegea. Treni ikikaribia, troli iliinuliwa na kuwekwa kando.

Vikubwa kuliko vyote vilikuwa vichwa vya mvuke aina ya Garratt. Boila yake ilining'inizwa katikati ya seti mbili za magurudumu, tangi la maji likiwa mbele na mafuta nyuma. Hivyo uzito ulitawanyika kwenye magurudumu mengi, na chombo kirefu kikaweza kupinda kwenye kona. Vile vya daraja la 59, 34 kwa jumla, vilijengwa Manchester miaka ya 1955 na 1956, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila kimoja kilikuwa na tani 252, kwa hiyo vilipita Voi kwenye njia kuu bila kuingia tawi la Taveta. Kwa reli nyepesi lilitengenezwa daraja la 60, lililobanwa lisizidi takriban tani 11 kwa kila ekseli. Kimoja chake, namba 6006, kipo katika Makumbusho ya Reli Nairobi.

Baada ya vita, njia ya jeshi ilitafuta kazi ya amani. Kahawa ya Kilimanjaro ilipata mlango wa pili wa kwenda baharini, na bandari ya Tanga ikapata mshindani, yaani Kilindini. Mkonge wa Taita Taveta nao ukahitaji usafiri. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja, na mpaka wa Taveta ukawa jambo dogo kwa mabehewa.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi 1983. Reli iliyoishi kwa shehena za nchi mbili ilibaki na ya nchi moja, tena nusu jangwa. Malori na barabara yakamaliza kilichobaki.

Hapo ndipo lilipo somo la leo. Upande wa Tanzania, treni za abiria zilirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha mwaka 2020, zikipitia Kahe. Upande wetu, Voi ina reli ya kisasa tangu 2017. Pengo la katikati ni takriban kilomita 150. Wanaozungumzia kuifufua njia ya Taveta wasianze na bei ya vyuma. Waanze na makubaliano ya Nairobi na Dodoma kuhusu shehena, kwa maana nusu ya reli hii haijawahi kujilisha yenyewe.

Juma lijalo: reli mpya ya 2017 na nafasi ya Voi ndani yake.