Kiswahili Chetu Chanyakua Grammy, Sisi Tumelala!

Mwenzio juzi nimekorofishana na mjomba hapa Chake Chake. Mie napiga kinanda kwenye maharusi. Mjomba kanifuma usiku natunga muziki wa gemu kwenye kompyuta, akafoka: "Mtu mzima unacheza! Kiuze hicho kinanda, ununue mtumbwi!"

"Mjomba, usinune, nipe dakika tano tu." Nikamwekea kibao kimoja, Baba Yetu. Kwaya inaimba Kiswahili, ngoma zinarindima, mzee kimyaa. "Hawa watu wa wapi?" akauliza.

Hapo ndipo penye uhondo! Mtunzi ni Christopher Tin, Mmarekani ambaye wazazi wake walitoka Hong Kong. Chuo Kikuu cha Stanford alikaa chumba kimoja na Soren Johnson, aliyekuja kuwa mbunifu mkuu wa gemu la Civilization IV. Mshikaji huyo ndiye aliyemwita atunge wimbo wa kufungulia gemu, likatoka 2005. Maneno ni Sala ya Bwana ya Wakristo kwa Kiswahili, na walioimba kwanza ni Talisman, kikundi cha wanafunzi wa hapo hapo Stanford.

Usione rahisi. Wimbo wa kufungulia gemu mchezaji anausikia kila akiwasha, mara mia na ushei, na hatakiwi kuuchoka. Si lelemama!

Mwaka 2009 Tin akaurudia na Soweto Gospel Choir kwenye albamu ya Calling All Dawns. Februari 2011 mambo yakajipa: Grammy! Ndio wimbo wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kunyakua tuzo hiyo, na albamu nayo ikazoa ya kwake. Mwaka 2014 akatoa albamu nyingine yenye wimbo wa Kilango cha Uganda, na 2016 Civilization VI ikamwita tena.

Mjomba akakuna kichwa. "Kumbe lugha yetu, tuzo kachukua mtu wa mbali?"

Msomaji, hapo paliniuma. Sie tunaolala na kuamka na Kiswahili bado tunaazima midundo ya wenzetu. Kinanda siuzi ng'o! Mjomba kakubali, ila kwa sharti: gemu langu lisikike msewe wa Pemba ndani yake, na maharusi nisiyatupe, kwani ndiyo yanayoleta mshiko.

Nawe je, mshikaji unayelala naye chumba kimoja unajua anaota kufanya nini? Muulize leo!