Zulia Kuukuu Chomboni: Kitandikwacho Kiweze Kuinuliwa

Nyumbani zulia ni pambo na ni starehe. Hupokea wageni, hulaza watoto adhuhuri, na likichafuka hutolewa uani, likafuliwa na kuanikwa ukutani hadi likakauka. Ndani ya chumba cha chombo kidogo cha matanga mambo huwa mengine. Huko zulia halina ua wa kuanikwa wala upepo wa kulipitia. Mara nyingi limegandishwa kwa gundi sakafuni na ubavuni. Chini yake pana sponji, na chini ya sponji pana maji yasiyoonekana. Jicho huona nyuzi zilizofifia rangi tu, na chenye kudhuru kimejificha.

Vyombo vya namna hii si vigeni kwetu. Katika hori za Kilifi na Mtwapa, na katika maji ya Lamu, hutia nanga mashua za matanga zilizoundwa kwa faiba, zenye chumba cha kulala, jiko dogo na pengine choo. Uundaji wa faiba ulienea duniani tangu miaka ya 1960, na kwa kuwa faiba haiozi kama mbao, chombo cha miaka 30 au 40 bado huuzwa na kununuliwa. Familia inayokinunua hurithi pamoja nacho zulia la mwenyewe wa kwanza. Basi mama anayekusudia kulala humo na wanawe hujiuliza: zulia hili lifuliwe, au litolewe?

Kwa nini halikauki

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Zulia likilowa maji hayo kisha likapigwa na jua, maji huondoka lakini chumvi hubaki ndani ya nyuzi. Na chumvi, kama ajuavyo kila mpishi wa pwani, huvuta unyevu wa hewa: tazama mkebe wa chumvi jikoni wakati wa masika, jinsi unavyotota bila ya kumwagiwa tone la maji. Ndivyo lilivyo zulia la chomboni. Mchana hukauka, usiku hulowa tena. Hata likianikwa siku saba, halitakauka kikwelikweli mpaka chumvi yake itolewe kwa maji baridi.

Unyevu huo ndio chakula cha kuvu. Kitu kilicholowa kikikaa siku moja au mbili bila kukauka, kuvu huweza kuanza kuota. Katika chumba kidogo kilichofungwa majuma mengi juani, madirisha yamekazwa na hewa haitembei, kuvu hupata makao yake. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya unyevu na kuvu ndani ya majengo, ukieleza kwamba wakaao humo huwa katika hatari zaidi ya kukohoa, kubanwa na kifua na kupata pumu. Mwongozo huo ulihusu majumba, lakini chumba cha chombo ni kidogo zaidi ya chumba chochote cha nyumba, na mtoto alalaye humo huwa na uso wake karibu sana na sakafu. Mwenye mtoto wa pumu asilidharau jambo hili.

Kagua kabla ya kuamua

Usianze kwa sabuni. Anza kwa ukaguzi. Kifunge chumba usiku mmoja, kisha kifungue asubuhi na uvute pumzi mlangoni. Uvundo ukikupokea, tafuta unakotoka. Inua pembe moja ya zulia ukatazame mgongo wake. Sponji ikiwa bado nzima na kavu, kuna matumaini. Ikiwa imekuwa unga unaonata vidoleni, imekufa, na hakuna sabuni ya kuifufua. Madoa meusi yaliyoenea mgongoni ni dalili ya kuvu iliyokwisha kujenga.

Kisha bonyeza sakafu kwa ncha ya bisibisi. Sakafu nyingi za vyombo hivi ni za plaiwudi, na plaiwudi iliyooza huingia ncha kama muhogo uliopikwa. Hapo yafaa kujua kwamba mbao za chombo huoza kwa maji ya mvua kuliko kwa maji ya bahari, kwani chumvi hupunguza nguvu za kuvu zinazokula mbao. Maji ya mvua hupenya juu: kwenye matundu ya skrubu za sitaha, pembezoni mwa madirisha, na penye mguu wa mlingoti. Ukitaka kutambua ni maji gani, paache pakauke. Pakibaki unga mweupe, ni ya bahari. Pasipobaki kitu, huenda ni ya mvua.

Ukaguzi huu ndio roho ya kazi yote. Anayefua zulia bila ya kuziba panapovuja anafua kwa ajili ya kulowesha tena. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Likifaa kufuliwa

Zulia lisilogandishwa, lenye mgongo mzima, lifuliwe nje ya chombo, kamwe si ndani. Likung'utwe kwanza mchanga wote. Lilowekwe katika maji baridi ya kisima au ya mfereji, yamwagwe, na yarudiwe mara kadhaa kabla ya sabuni, kwa sababu shabaha ya kwanza ni chumvi. Kisha lisuguliwe kwa sabuni ya unga na brashi laini, lisuuzwe mpaka maji yatoke meupe, na lianikwe penye upepo, likigeuzwa mgongo na uso. Lisirejeshwe hadi mgongo wake uwe mkavu kabisa.

Kuna hadhari moja isiyosamehe. Dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini isichanganywe na siki, ndimu, wala dawa nyingine ya kusafishia choo au vioo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na katika chumba kisichozidi hatua chache hakuna pa kuikimbilia.

Ama zulia lililofikiwa na maji ya choo kilichovuja, hilo lina hukumu nyingine. Marashi na udi huficha harufu tu. Najisi haiondoki kwa kufukizwa. Likiwa la kutandua, litahirishwe kwa maji kama inavyopasa. Likiwa limegandishwa juu ya sponji iliyonyonya, ni bora litolewe. Na kwa vyovyote vile, msala wa kuswalia uwe mbali na zulia la sakafuni: ukunjwe, uwekwe rafu ya juu mahali pakavu, na utandikwe wakati wake tu.

Likipasa kutolewa

Zulia lililogandishwa na kuvunda halina dawa ila kung'olewa. Kazi hii ifanywe asubuhi, madirisha na vifuniko vyote vikiwa wazi, na watoto, wajawazito na wenye pumu wakiwa nchi kavu. Mfanyaji avae glavu, miwani na barakoa ya vumbi iliyokaza vyema, kwa kuwa sponji kuukuu hupeperuka kama unga na kuvu hutawanyika pamoja nayo. Likatwe vipande virefu kwa kisu kikali, livutwe kuanzia pembeni, na kila kipande kitiwe gunia papo hapo. Vile vya sakafu vilivyo vizima viwekwe kando, vitakuwa kipimo cha zulia jipya.

Gundi inayobaki ikwanguliwe kwa mkono, taratibu. Wako wanaoharakisha kwa kumwaga petroli au tina. Mivuke ya vitu hivyo ni mizito kuliko hewa. Haipandi ikatoka dirishani, bali hushuka na kutuama katika ngama, pale chini kabisa ambapo maji ya chombo hukusanyika. Ndipo ilipo pia pampu ya umeme. Cheche moja ya pampu au ya swichi yatosha kuunguza chombo na aliyemo. Petroli isitumike kabisa. Fundi akilazimika kutumia dawa ya kuyeyushia gundi, aifuate kama ilivyoandikwa koponi, umeme wote ukiwa umezimwa na hewa ikipita.

Ubavuni, chini ya zulia, faiba huwa haikulainishwa. Huchoma ngozi kama upupu. Hili ndilo lililowafanya waundaji kuifunika tangu mwanzo. Pasuguliwe kidogo kwa msasa, barakoa ikiwa usoni, paoshwe kwa maji baridi na sabuni, paachwe wazi siku kadhaa, kisha papakwe rangi. Ukuta uliopakwa rangi hufutwa kwa kitambaa, na ukivuja huonekana siku hiyo hiyo.

Cha kutandika badala yake

Baada ya hapo wengi hukimbilia kugandisha zulia jipya, na hivyo kuirudisha ile ile dhiki. Njia iliyo bora ni sakafu iliyopakwa rangi isiyoteleza, na juu yake kitandikwe kitu cha kuinuliwa. Anayependa zulia na achague la nyuzi za plastiki lisilo na sponji, alikate kwa kipimo cha gazeti lililotandazwa sakafuni, apinde na kushona kingo zake zisifumuke, na aligawe vipande viwili au vitatu ambavyo mtu mmoja anaweza kuvitoa nje kila asubuhi.

Asiyetaka zulia asisahau mkeka. Mkeka wa miyaa au wa ukindu ni mwepesi, hupitisha hewa, hausongi chumvi ndani kama sponji, na ukilowa husuuzwa na kuanikwa juu ya sitaha. Nao huota kuvu ukikunjwa mbichi, kwa hiyo ukaushwe kabla ya kuwekwa. Hufaa pia kwa sababu msukaji ataushona kwa umbo la sakafu, iliyo pana kati na nyembamba mbele, na fedha zake zitabaki mikononi mwa mwanamke wa hapa hapa pwani.

Liko jambo moja zaidi, ambalo ni kubwa kuliko harufu na kuliko pambo. Katikati ya sakafu ya kila chombo kuna kifuniko cha kuchungulia ngama, na mahali fulani ubavuni kuna valvu za mabomba yatokayo nje chini ya maji. Bomba likipasuka usiku, uhai wa waliomo hutegemea dakika za mwanzo: kufungua kifuniko, kuona maji, kuifunga valvu. Zulia lililogandishwa juu ya vitu hivyo huzifuta dakika hizo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kuchagua rangi na nakshi, tandika ulichonacho, kisha mwambie mtoto wako mkubwa azime taa na akifikie kifuniko cha ngama gizani. Akikifikia kwa mkono mmoja, umetandika vyema. Asipokifikia, tandua uanze upya.